Chupa ya Sukari na Jina la Katekista

Kwenye sherehe ya kuniaga, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema Mama Skola anaweza kumsamehe mwizi wa kuku wake, lakini hawezi kumsamehe mtu aliyepima yurea kwa damu ya chupa ya sukari. Mlicheka sana, na mimi nikacheka, maana ni kweli niliwahi kumtoa mtu machozi kwa ajili ya chupa. Halafu mkaniomba niwaandikie kidogo kazi yetu ilivyokuwa zamani. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za hiyo chupa, kwa sababu kila nikiishika nasikia aibu, na aibu yenyewe nimestaafu nayo.

Nilianza kazi hapa Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuoni na kuolewa karibu kwa wakati mmoja. Maabara ilikuwa vyumba viwili nyuma ya wodi ya wanaume. Tulikuwa na kolorimita moja ya kusomea rangi, ambayo umeme ukiyumba nayo ilisoma inavyotaka. Mashine ya kuzungusha damu ilikuwa ya mkono, na siku ya kwanza niliizungusha mpaka bega likafa ganzi. Pipeti tulinyonya kwa mdomo. Msishike vichwa, ndivyo tulivyofundishwa, na wengi wetu tunaijua ladha ya dawa ambazo ninyi hamthubutu kuzigusa bila glavu.

Chupa za damu hatukuletewa kwenye maboksi kama zenu. Tuliokota chupa tupu za penisilini wodini, tukazichemsha, tukaziosha, tukazikausha kwenye oveni pamoja na vifuniko vyake vya mpira. Kisha tulizigawa mafungu matatu. Chupa kavu haikuwa na kitu ndani. Chupa ya picha ya damu ilikuwa na dawa ya kuzuia damu isigande. Chupa ya sukari, yaani ya damu ya kupimia sukari, ilikuwa na unga mweupe kidogo wa dawa, nasi tuliibandika kipande cha plasta ili tusiichanganye na nyingine. Kazi ya kutia unga ule ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza, na niliifanya kwa majivuno makubwa kana kwamba nimekabidhiwa altare.

Aliyenikabidhi ni Mzee Kasiani, mkuu wa maabara, Mpogoro wa Mahenge, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Kila ninachokijua kwa mikono yangu nilikitoa kwake. Alinifundisha kumshika mgonjwa mkono na kumsalimia kabla hajaona sindano. Alinifundisha kusubiri rangi ikomae badala ya kuikimbilia. Nikikosea hakufoka, alisema tu, "Rudia, mama," na neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Mzee Kasiani alikuwa na sheria moja aliyoitetea kuliko zote: mgonjwa mmoja, sindano moja, chupa moja. Sababu yake ilikuwa nzuri. Miaka ile bondeni uvumi wa wanyonya damu ulikuwa bado unatembea vijijini. Watu waliotoka Malinyi au Mlimba walitazama sindano zetu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ukimchukua mtu damu mara mbili, hurudi kwao akasema nyingine imeuzwa, na mwezi ujao kijiji kizima hakiji kliniki. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari, ambaye ilibidi apimwe sukari na pia yurea, taka ya mwili inayotolewa na figo, ili tujue hali ya figo zake, tulimtoboa mara moja, damu yote tukaitia kwenye chupa ya sukari, na vipimo vyote viwili vikatoka humo. Ilikuwa huruma. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana hakukuwa na mvivu wala mwizi katika habari hii.

Yurea tuliipima kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye aina ya maharage. Kimeng'enya huvunja yurea, na kile kinachotoka tulikichanganya na dawa mbili zinazogeuka bluu. Bluu ikikolea, yurea imejaa, figo zimechoka. Bluu ikiwa hafifu, figo ni safi. Kwa wagonjwa wetu wa kisukari bluu ilikuwa hafifu karibu kila mara, na sisi tulifurahi tukasema kliniki yetu inatunza watu.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa baba mkwe wangu, Benedikto, katekista wa kijiji cha Mbingu. Ndiye aliyeongoza ibada Jumapili ambazo padre hakufika, na ndiye aliyefundisha watoto wote wa kijiji kile ishara ya msalaba, mume wangu Deo akiwemo. Kwa desturi za kwetu mimi na yeye hatukuwa watu wa kukaa karibu. Nilimwamkia kwa mbali nikiwa nimepiga goti, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku akitazama pembeni. Chakula chake nilikipeleka kwa mkono wa mama mkwe. Mkwe halioni vazi la baba mkwe likiwa limekaa vibaya, na akiliona, hakuliona. Kumstiri ndiyo kazi yake ya kwanza katika nyumba ile.

Ndipo yakaanza maneno. Katikati ya ibada baba aliacha kusoma, akatoka jasho, akaanza kuongea kwa ulimi mzito. Watu walidhani homa. Baada ya wiki chache akapepesuka njiani kutoka shambani, akakaa kwenye matope akicheka peke yake. Mara nyingine alimtukana mjumbe wa kanisa kwa maneno ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua. Asubuhi iliyofuata hakukumbuka lolote. Kijiji hakikuhitaji daktari kujua hiyo ni nini. Kulikuwa na pombe ya komoni kila uani, na gongo kwa waliotaka kufika haraka.

Daktari wa kliniki, kijana mpole kabisa, alimuuliza bila kuzunguka. Alikuwa anampa vidonge vya kisukari vya zamani, vile vinavyokaa mwilini muda mrefu na kutoka kwa njia ya figo. Figo zikichoka, vidonge hurundikana ndani, sukari inashuka mpaka mtu anaonekana kalewa. Daktari alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu alitazama jibu letu la yurea kwanza. Lilikuwa safi.

"Mzee, figo zako hazina shida," akamwambia. "Basi sukari inashushwa na kitu kingine. Unakunywa?"

"Sinywi, daktari."

"Vipimo havina sababu ya kunidanganya, mzee wangu."

Habari hizo zilinifikia kupitia wenzangu wa maabara kabla hazijamfikia mume wangu. "Mkweo leo katoka na kikombe kipi?" waliniuliza, wakicheka kidogo tu, kwa adabu. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Siku za kliniki nilijificha chumba cha ndani nikiosha chupa ambazo zilikuwa safi tayari, ili nisimwamkie mbele za watu. Padre alimwondoa baba kwenye kuongoza ibada, akamwambia apumzike hadi atakapojirekebisha. Mama mkwe akaanza kumnusa mdomo kila anaporudi, na kwa kuwa hakupata harufu, akaamini mumewe amejua kuificha.

Siku moja ya kliniki nilisikia benchi la nje likianguka. Nilipotoka nilimkuta baba chini, koti lake la kaki limelowa jasho, anasoma injili iliyochanganyika na habari za ng'ombe walioingia kwenye mpunga.

"Asubuhi yote hii!" mama mmoja akasema, akimvuta mwanawe pembeni.

Mzee Kasiani alikuwa wodini. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika, na mimi ndiye mtu ambaye hakupaswa kumshika kuliko wote pale. Nilipiga magoti nikakipakata kichwa chake. Nikainama nikamnusa, kama mkewe alivyokuwa akimnusa. Alinukia mswaki wa mti, basi.

Nilitafuta mshipa, nikavuta damu nyingi kupita kiasi kwa woga, kisha nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Damu niliitia kwenye chupa ya sukari mpaka ikajaa, na iliyobaki kwenye bomba nikaitia kwenye chupa kavu iliyokuwa karibu, kwa sababu nilionea uchungu kuimwaga. Sikuwa na akili nyingine yoyote.

Baada ya kitambo alifumbua macho.

"Nani amenishika?"

"Ni mimi, baba. Skola."

Akayafumba tena. Suruali yake ilikuwa imelowa, na alijua kwamba nimeona. "Nifunike, mwanangu," akasema. Nikavua kitenge changu nikamfunika, na sijui kati yetu nani alikuwa na aibu zaidi.

Alilazwa. Mzee Kasiani alirudi akaichukua chupa ya sukari akapima kama kawaida. Sukari ilikuwa chini sana. Yurea ilikuwa safi. Mimi, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya, niliizungusha ile chupa kavu nikapima yurea yake pembeni. Bluu ilikuja, ikakolea, ikaendelea kukolea mpaka ikawa kama wino. Niliiweka tyubu yangu kwenye kibao karibu na ya kwake. Damu ya mtu mmoja, mkono mmoja, saa moja, na rangi mbili.

"Chupa yako ilikuwa chafu," Mzee Kasiani akasema.

"Labda, mzee."

"Rudia, mama."

Nikarudia. Wino. Alivua miwani akaisafisha kwa koti, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alichukua maji yetu ya yurea ya kulinganishia, ambayo tulijua lazima yageuke bluu, akayagawa kwenye tyubu mbili. Moja akaiacha. Nyingine akaitia punje za unga wa chupa ya sukari. Tukasimama tukitazama. Ya kwanza ikageuka bluu. Ya pili ilibaki imepauka kama maji ya kuoshea mchele.

Ninyi mmesoma hili darasani, lakini ngoja niliseme kwa namna nilivyolielewa siku ile. Vimeng'enya vingi havifanyi kazi vikiwa peke yake, vinahitaji kisaidizi, mara nyingi chembe ya madini. Ile dawa ya chupa ya picha ya damu huikamata kalisi, na bila kalisi damu haiwezi kuganda. Unga wa chupa ya sukari una floraidi. Chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa, na moja ya vimeng'enya vinavyozilisha hutegemea magnesi. Floraidi huishikilia ile magnesi palepale, na ulaji unasimama, kama mashine ya kukoboa mpunga iliyotolewa mkanda. Ndiyo maana sukari inabaki kama ilivyotoka mwilini. Ila floraidi haijui kimeng'enya kipi ni cha mgonjwa na kipi ni chetu. Kile cha maharage nacho kina madini yake moyoni, nikeli, na floraidi huenda kukaa hapohapo. Yurea imejaa kwenye damu, lakini hakuna wa kuivunja, bluu haiji, na sisi tunaandika kwamba figo ni safi.

Mzee Kasiani alikaa kwenye kigoda. "Tangu lini nafanya hivi?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Nilitaka kutoka nje. Mtu aliyenifundisha kushika sindano alikuwa ameinamisha kichwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyemwekea ile tyubu mbele ya macho. Nilijiona kama mtoto aliyemvua mzazi nguo.

Alikwenda mwenyewe kwa daktari. Vidonge vilisimamishwa siku ile ile, baba akawekewa dripu ya sukari na kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu vidonge vile vikishanasa mwilini, sukari hushuka tena hata mtu akiwa amezinduka. Wagonjwa wote wa kisukari waliitwa kupimwa upya kwa chupa mbili. Walinung'unika, na Mzee Kasiani aliwaomba radhi mmoja mmoja, akiwaambia tu kwamba njia imebadilika. Wengine hawakuitika wito wetu, na baadhi yao ni kwa sababu walikuwa wameshazikwa. Nyuso zao nazikumbuka, maana niliwatilia unga kwenye chupa kwa mkono wangu.

Kabla baba hajaruhusiwa kurudi nyumbani, nilikwenda wodini na Deo, nikakaa mbali kidogo kwenye sakafu, nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo sikuwa nalewa?" akauliza mwishoni.

"Hapana, baba. Zilikuwa dawa. Na kipimo chetu kilikosea."

"Mimi nimeshaungama," akasema. "Watu wote walikuwa wameona isipokuwa mimi. Nikajiambia, huenda nakunywa na kusahau. Nikamwambia padre nimelewa."

Deo alitoka nje akalia nyuma ya jengo.

Mzee Kasiani aliniahidi atakwenda Mbingu yeye mwenyewe, asimame mbele ya padre na wazee wa kanisa awaeleze. Ilibidi awe yeye. Mimi nilikuwa nimeshamweleza mama mkwe jikoni, tukipepeta mchele, nikamweleza figo na vidonge na unga. Alinishika shavu akasema, "Asante, mwanangu. Deo amepata mke." Sikuelewa wakati ule. Nilidhani ameniamini.

"Nitakwenda, Skola," Mzee Kasiani alisema. "Mvua ikipungua." Mvua ilipungua. Akasema baada ya mavuno. Nilimwona akizidi kuinama kila Mbingu ilipotajwa, na sikuweza kumwambia mtu yule, "Mzee, twende." Ningeanzia wapi? Baadaye alistaafu akarudi Mahenge, na kila Krismasi alituma mtu aniletee ndizi.

Huku nyuma, baba aliacha kupepesuka. Daktari alikuwa amempa sindano ndogo za insulini badala ya vidonge, na maisha yakatulia. Kijiji kiliona mabadiliko kikafurahi. "Katekista kaacha!" Padre akamrudisha kuongoza ibada, akasema mbele ya wote kwamba neema ya Mungu inaweza kumwinua mlevi yeyote. Vijana waliokuwa wamezama kwenye gongo walipelekwa kwake awape ushauri. Aliwapokea. Alijaribu mara moja kumweleza kiongozi wa jumuiya kwamba hakuwahi kunywa, naye akampigapiga bega akasema, "Yamepita hayo, mwalimu, usijitese." Baada ya hapo hakujaribu tena. Nilipomuuliza kupitia kwa Deo kwa nini, alijibu kwamba wale vijana angalau wawili wameacha kweli, na akiwaambia yeye hakuwahi kulewa, watarudi kilabuni.

Nilikaa na jibu hilo kwa miaka. Lilikuwa jibu la mtu mwema, na lilinifanya nione aibu kuliko kama angenitukana.

Figo zake zilikuwa zimeshaharibika kabla hatujaziona, na kwetu wakati ule hakukuwa na namna ya kuzisaidia. Alivimba miguu, kisha uso. Alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nyumbani kwake, akiwa amekataa kurudishwa hospitali.

Mazishini watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya jirani. Kiongozi wa jumuiya alisoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa kwake upande wa Mahenge, ndoa, watoto, miaka ya katekisimu. Halafu akakunja karatasi akasema kwa sauti ya upendo kwamba marehemu alikuwa na udhaifu wake kama sisi sote, lakini alipigana na pombe akaishinda, na tunamzika akiwa mshindi. Watu wakaitikia, "Amina."

Mkwe hasimami kuongea kwenye msiba wa baba mkwe. Nilisimama.

"Naomba radhi, wazee wangu," nikasema. "Baba hakuwahi kulewa. Hata siku moja. Alikuwa anaanguka kwa ajili ya dawa tulizompa, kwa sababu kipimo chetu hospitali kilisema figo zake ni nzima. Mimi nafanya kazi pale, nilikiona kwa macho yangu."

Nilitazama nyuso na sikuona hata moja iliyoshtuka. Wanaume waliinamisha vichwa kwa heshima. Mzee mmoja aliguna taratibu akamwambia mwenzake, nami nikasikia, "Mkwe wa kweli huyo, anamstiri mpaka kaburini." Akina mama walinitazama kwa macho ya kunisifu. Nilifungua mdomo niwaeleze habari ya unga, ya floraidi, ya rangi mbili kwenye kibao kimoja, na nikaona kwamba kila neno nitakaloongeza watalipokea hivyohivyo.

Mama mkwe aliyekuwa amekaa chini miguuni pangu alinivuta pindo la kitenge. Alikuwa amechoka kulia, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Sisi tulishamsamehe."